Naomba ushauri: akina Li wa China niwafundisheje?

Habari zenu wakuu. Naandaa somo la historia ya China kwa kidato cha pili, na jina Li linawavuruga wanafunzi. Li Shimin, mfalme wa ukoo wa kifalme wa Tang, alitawala 626–649. Li Bai, mshairi, alifariki 762. Li Shizhen alikuwa tabibu wa karne ya 16. Nimpendaye zaidi ni Li Qingzhao, aliyezaliwa 1084: vita vilimkimbiza kwao, akafiwa na mume, uchungu wote akautia kwenye mashairi.

Wanafunzi wanadhani hawa ni ndugu. Kumbe hata wafalme wa Tang waliwatunuku watu baki jina hilo! Halafu kwa Wachina jina la ukoo hutangulia.

Niwapange kwa zama au kwa kazi zao? Mliowahi kufundisha, nisaidieni tafadhali.