Natafuta filamu tulivu za kutazama nikipinda sketi usiku

Fundi wa Marinda, Nakuru

Hamjambo nyote. Mimi ni fundi wa nguo, nakaa Section 58. Shule zikikaribia kufunguliwa huwa silali mapema, kwa sababu marinda ya sketi hayajipigi pasi yenyewe.

Mzee wangu alifariki miaka minne iliyopita. Kitinda mimba wangu naye alienda chuo Maseno mwaka jana, na tangu siku ile nyumba imenyamaza vibaya. Si kwamba nashinda nikilia. Ni ile tu ya kusonga ugali nikagundua nimepima unga wa watu watatu, halafu nala kiporo hadi Alhamisi. Cherehani ikisimama ndipo nasikia saa ya ukutani.

Basi huwa naegemeza simu kwenye kopo la vifungo na kutazama chochote. Nimejaribu tamthilia zile za kutafsiriwa: kila mtu ana pacha aliyepotea, na kila mlango ukifunguliwa kuna kofi linangoja. Nimejaribu za DJ Afro, yule anayesimulia filamu za mapigano kwa Kiswahili, alizoniachia kijana wangu. Huyo bwana ananichekesha kweli, lakini ni bunduki mwanzo hadi mwisho, na saa tano usiku jirani ameshanigongea ukuta mara mbili. Nimejaribu na za mapenzi za Krismasi za Marekani. Mwanamke anatoka mjini na koti jeupe, anateleza kwenye theluji, anadakwa na mwanamume mwenye mbwa. Ukitazama tatu huwezi kukumbuka ipi ni ipi.

Ninachotaka sijui kama kina jina. Mtu awe peke yake, na filamu isimwonee huruma. Kama ni kupendana wapendane, lakini bila makelele. Mtu apike, afue, apande basi. Marehemu alikuwa mtu wa maneno machache. Jioni yeye na redio yake, mimi na pindo langu, tunaweza kumaliza saa mbili bila neno na hakuna aliyejiona mpweke. Nataka filamu ya kukaa nayo hivyo.

Nina masharti mawili. Isiwe ya kuniliza, maana shati za shule ni nyeupe. Na maandishi ya chini yasiwe mengi, kwa kuwa nashona nikitazama. Nikiinua macho kusoma, sindano inapita kidoleni. Kidole changu cha shahada kiko tayari kutoa ushahidi.

Kijana wa Kondele

Mama, pole na hicho kidole 😂 Tafuta Supa Modo. Ni ya hapa kwetu, ya 2018, mwelekezi ni Likarion Wainaina. Kiswahili unakielewa bila kusoma chochote. Kuna msichana anaitwa Jo anapenda mashujaa wa muvi wanaopaa angani, sasa kijiji kizima kinajipanga kumfanya aamini ana nguvu kama zao. Itakupendeza.

Nyar Dunga

Wewe kijana, umesoma masharti? Huyo Jo ana ugonjwa usiopona, ametolewa hospitalini aje akae na mamake siku zilizobaki. Mimi niliimaliza nikijifuta kwa kitambaa cha meza. Ni filamu nzuri mno, lakini fundi aiweke mpaka mwezi usio na shati nyeupe.

Dada, yako wewe ni The Lunchbox, ya 2013, ya Ritesh Batra. Ni ya India lakini si ile India ya kufukuzana kwenye miti wakiimba. Pale Mumbai kuna watu kazi yao ni kuchukua chakula cha mchana majumbani na kukipeleka maofisini, mikebe kwa maelfu kila siku, kwa baiskeli na treni, na ni nadra sana mkebe kupotea. Katika filamu hii mmoja unapotea. Kuna mke anaitwa Ila, ambaye mumewe hata hamtazami usoni. Anapika kwa kujikakamua ili amrudishe, na chakula kinaishia kwa Saajan, karani mjane aliye karibu kustaafu. Mkebe unarudi umelambwa. Huyo Ila anafurahi akidhani ni mumewe, mpaka jioni mume anaporudi na kusifia koliflawa ambayo yeye hakupika, ndipo anajua aliyekula ni mwingine.

Kesho yake anatia kijikaratasi cha kushukuru. Unajua yule mzee anajibu nini? Kwamba chakula kilikuwa na chumvi nyingi. Basi! Hata asante hakuna. Nilimkasirikia kisha nikacheka.

Saajan ni Irrfan Khan, aliyetutoka 2020. Tazama anavyoufungua mkebe siku ya pili, jinsi anavyojizuia wenzake ofisini wasione kuwa ana haraka. Na nikwambie sehemu moja mapema, kwa kuwa umefiwa: usiku anatazama kanda za zamani za vichekesho ambazo mkewe alikuwa akirekodi. Vichekesho vyenyewe havimhusu. Anakumbuka mkewe alivyokuwa akicheka mbele ya runinga ile ile. Ukifika hapo weka shati kando.

Halafu kuna Anti wa ghorofa ya juu, ambaye humwoni filamu nzima. Ni sauti yake tu, na kikapu cha viungo anachokishusha kwa kamba dirishani. Tulipopanga Manyatta tulikuwa na mama wa juu kama huyo, ila yeye alichokuwa akishusha ni lawama.

Kuhusu kusoma: barua za Saajan utazisikia kwa Kiingereza, za Ila ni Kihindi. Kwa hivyo nusu utashona, nusu utasimamisha cherehani. Nisamehe kwa hilo.

Papa wa Chwele

Mimi si mtu wa filamu. Hii niliwekewa na mwanangu anayefundisha Bungoma, nikaitazama kwa sababu mvua ilikuwa inanyesha na stima ilikuwa imerudi.

Inaitwa The Straight Story, ya 1999. Mwelekezi ni David Lynch, ambaye mwanangu anasema filamu zake nyingine ni za kutia kizunguzungu, ila si hii. Mzee Alvin Straight ana miaka 73, macho yamefifia, hana leseni ya gari. Anasikia ndugu yake Lyle amepatwa na kiharusi. Hawajasemezana miaka kumi. Basi anapanda mashine ya kukata nyasi, anafunga trela nyuma, anatoka Iowa kwenda Wisconsin. Ni kama kilomita 386, yaani utoke Kisumu, ufike Nairobi na bado uendelee mbele, kwa mwendo ambao mtoto aliyetumwa dukani angekupita. Ni kisa cha kweli cha 1994.

Mama, hakuna adui humo ndani. Nilikuwa nangoja wezi wamvamie barabarani, hawakuja. Kuna msichana mjamzito aliyetoroka kwao, anaota moto na mzee usiku, wanaongea kidogo, wananyamaza. Ukishona humo hutajidunga. Na yule mwigizaji, Richard Farnsworth, alikuwa na saratani kweli wakati wanapiga picha. Ile shida ya kutembea unayoiona ni yake mwenyewe.

Mimi na ndugu yangu tulinyamaziana kwa ajili ya mpaka wa shamba, safu moja ya mikaratusi. Kuna watu husema ukitazama filamu kama hiyo utainuka siku hiyo hiyo uende kwa ndugu yako. Uongo. Nilikaa miezi mitatu nikitafuta kisingizio, mpaka ng'ombe wake akavunja ua akaja kwangu, ndipo nikapata sababu ya kwenda. Nilimrudisha, nikapewa chai. Mikaratusi bado iko pale, na bado ni yangu.

Zamu ya Usiku, Kakamega

Nafanya usafi kwenye jengo la maofisi, kwa hivyo yangu mnaweza kuibashiri: Perfect Days, ya 2023. Mjerumani Wim Wenders alienda Tokyo akatengeneza filamu ya mtu anayesafisha vyoo vya umma. Jina lake Hirayama, na aliyemwigiza, Koji Yakusho, alipewa tuzo ya mwigizaji bora kule Cannes. Anaamka, anamwagilia mimea, ananunua kahawa ya mkebe, anaweka kaseti kwenye gari, anaenda kazini. Kesho hivyo hivyo. Ni ya Kijapani lakini mtu mwenyewe haongei, maandishi utayahesabu.

Siku moja anakuta karatasi imefichwa chooni. Mtu amechora ule mchezo wa sifuri na msalaba tuliokuwa tukichora nyuma ya daftari. Anaweka alama yake, anairudisha ilipokuwa. Kesho anakuta mwenzake ameshajibu. Wanacheza hivyo, hatua moja moja, na hajui anacheza na nani. Mimi nikimaliza zamu saa kumi na mbili asubuhi namkuta mlinzi wa mchana langoni, tunaongea sekunde thelathini, kisha namfungulia njia. Nilipoona ile karatasi nilimfikiria yeye.

Lakini niseme ukweli wa kazi: vile vyoo ni visafi hata kabla hajavigusa. Maji hayajawahi kukatika hata siku moja, na hakuna anayeazima ndoo. Anayejua kazi hii atacheka kwanza.

Fundi wa Marinda, Nakuru

Nimerudi baada ya wiki mbili. Mzee wangu wa Chwele, ya mashine ya nyasi nilimaliza nayo sketi tisa bila kujidunga. Mwishoni wale ndugu wawili wanakaa barazani, hawasemi la maana, wanatazama nyota. Nilizima simu nami nikakaa. Saa ya ukutani niliisikia, lakini haikunisumbua.

Ya Hirayama nimefika katikati, mpwa wake ndiyo amekuja kumtembelea. Naila polepole. Zamu ya Usiku, nimecheka uliposema ndoo.

Sasa Nyar Dunga, wewe tuna kesi. Kwanza ile ya chumvi. Marehemu katika miaka 22 ya ndoa hakuwahi kuniambia chakula ni kitamu. Alikuwa na neno moja tu: "Leo chumvi imekaa." Hiyo ndiyo ilikuwa sifa, na ilikuja labda mara moja kwa mwezi. Nilikuwa nimeisahau kabisa mpaka yule karani akaandika. Nilisimamisha cherehani na sikuiwasha tena usiku huo. Kitinda mimba akapiga simu katikati, mimi mama yake nikamwambia, "Ngoja, kuna mtu anasoma barua." Akanyamaza kidogo, akaniuliza kama niko sawa.

Pale wanapokubaliana kuonana mkahawani, dada anakaa anangoja, naye mzee amefika na hajitokezi, kwa sababu asubuhi ile bafuni amesikia harufu ya babu yake, kumbe ni yeye mwenyewe amezeeka. Nilimwelewa. Juzi nilijaribu gauni la mteja kwenye kioo nikamwona shangazi yangu.

Sikulia. Kuna shati moja ina doa, lakini ni la mafuta ya mashine.

Kesi yenyewe ni mwisho. Yule anaandika, yule yuko kwenye treni na wabeba mikebe wanaoimba, halafu giza! Nilidhani bando limeisha. Alifika au hakufika?

Nyar Dunga

Alifika. Kwangu mimi alifika, jioni, na chakula kilikuwa kimepoa.

Papa wa Chwele

Nimeiomba kwa mwanangu, nikaitazama jana. Hakufika. Treni ya pale hujaa sana.

Fundi wa Marinda, Nakuru

Mzee, na wewe ulingoja ng'ombe miezi mitatu. Mpe mwenzako muda.

Kijana wa Kondele

Mama, unashona suruali pia? Nina moja ya kazi, ni ndefu, inafagia barabara yote ya Kondele. Naweza kuituma na matatu ya asubuhi.

Fundi wa Marinda, Nakuru

Itume. Weka karatasi ndani, uniandikie urefu.