Mjadala: Aliyeua akisema "nilijihami", nani aamue kama kesi iende au isiende?

Mleta mada (Mjini)

Asalaam alaykum jamani. Jana baada ya Isha tulibishana barzani mpaka muuza kahawa akabeba dele lake akaondoka, na mie mpaka sasa sijaridhika, kwahivyo nauleta huku.

Mambo yenyewe ya Florida, Marekani. Ndugu yetu mmoja anaishi kule karusha klipu ya kamera ya duka, tukio la Julai 2018 mji wa Clearwater. Mwanamke kakaa kwenye gari imepaki pahala pa walemavu, jamaa kamfata anamgombeza, mara mwenzake yule mwanamke katoka dukani, kamsukuma jamaa mpaka chini. Yule aliyeanguka katoa bastola. Sasa hapa itizameni vizuri, nimeirejesha kama mara kumi, aliyesukuma anaiona bastola anarudi nyuma, hatua moja, mbili, halafu risasi. Akafa. Sherifu, mkuu wa polisi wa kule, akasema simkamati, sheria hainiruhusu.

Sheria yao ya 2005 haisemi tu kwamba huna haja ya kukimbia ukivamiwa, inasema ukijihami kihalali una kinga, usikamatwe, usishtakiwe, hata fidia usidaiwe. Sasa kinga lazima apatikane mtu wa kusema ipo au haipo kabla kesi haijaanza, na 2010 Mahakama ya Juu ya Florida ikasema huyo ni jaji, akae asikilize ushahidi mwenyewe, asiliachie juri, lile jopo la raia wanaoamua kesi. 2015 mahakama hiyohiyo ikasema anayeidai kinga ndiye athibitishe. Wabunge wao hawakupenda, 2017 wakaugeuza mzigo wote wakautupia upande wa mashtaka: nyinyi ndo muoneshe kwa ushahidi wa wazi na wenye kushawishi kwamba huyu hakujihami, mkishindwa hapohapo basi mtu anakwenda zake nyumbani, juri hata halijaitwa.

Mie hilo nalipinga. Mara nyingi waliokuwepo ni wawili, mmoja yuko kaburini, sasa mashtaka watapata wapi ushahidi wa wazi kama hakuna kamera? Huyu wa Clearwater kilichompata ni ile klipu, mwezi uliofuata mwendesha mashtaka akamfungulia kesi, 2019 juri likamtia hatiani kwa kuua bila kukusudia, miaka 20. Toa kamera, unabakiwa na nini? Neno la aliyebaki hai. Kesi iende, watu wasikie.

Mpeta wa Wete

Kaka unaongea kama mtu ambaye hajawahi kuwa na mtu wake rumande. Kesi yenyewe ni adhabu, hiyo hukumu inakuja baadae.

Ami yangu alikuwa analinda karafuu zake, ziko kwenye majamvi uwanjani, msimu umeshamiri na bei nzuri, usiku wa manane akasikia jamvi linaburutwa. Katoka na mchi, ndo kitu cha mwanzo alichokishika pale mlangoni, mwizi ana panga. Asubuhi mwizi kafa na ami yuko kituoni. Kesi ya mauaji haina dhamana, mnajua. Kakaa ndani misimu miwili, karafuu zimegeuka mpeta, zimeiva kupita kiasi juu ya miti hakuna wa kuchuma (jina langu mnalolicheka ndo limetoka hapo), mke kauza ng'ombe wawili, mwisho wake wakasema kesi imeondoshwa, nenda. Hakuna pole hakuna nini. Sasa kungekuwa na jaji wa kumsikiliza wiki ya mwanzo kama huko Florida si angelala kwake? Mie nawaunga mkono hao wabunge moja kwa moja.

Kijiti

Mnabishania bastola za Florida, hapa kwetu nani anayo? Mie hata manati sina 😂

Da Mwana

Kijiti wacha, kujihami ni kujihami, ikiwa risasi ikiwa mchi.

Ila nyote wawili mnachanganya kidogo. Kwetu Zanzibar hakuna kikao cha kinga kama cha Florida. Mchujo wa mwanzo unafanyika kwenye faili, polisi wakimaliza upelelezi linakwenda kwa DPP, mkurugenzi wa mashtaka, yeye ndo anaamua ashtaki au asishtaki na kwa kosa gani, na hata kesi ikishafunguliwa ana uwezo wa kuiondosha. Mchujo wa pili ni ndani ya kesi, mashtaka wakimaliza mashahidi wao jaji anaangalia kama kuna kesi ya kujibu, hakuna, mshitakiwa anaachiwa bila hata kufungua mdomo. Na ukisema nilijihami si kwamba wewe ndo uthibitishe, mashtaka bado wana kazi ya kuondoa shaka. Linaloangaliwa zaidi ni kama nguvu uliyotumia iliendana na hatari iliyokuwepo wakati ule.

Tena hata Marekani kwenyewe kila jimbo na lake. Texas kosa kubwa linapita kwanza kwa jopo la raia 12, wanakaa faragha, wakipatikana 9 wa kusema ashtakiwe ndo anashtakiwa. Na ile kesi ya Trayvon Martin, kijana mweusi aliyepigwa risasi akafa Florida 2012, ambayo kila mtu anaitaja, watu wanadhani kikao cha kinga ndo kilimwachia George Zimmerman aliyempiga, sivyo, kile kikao hakukitaka, alikwenda juri na juri ndo likamwachia Julai 2013. Kwahivyo kaka mleta mada, hiyo "kesi iende watu wasikie" ilikwenda, na walioghadhibika waliondoka na ghadhabu zao vilevile.

Mleta mada (Mjini)

Da Mwana hapo umenibana, nakubali. Lakini angalau walisikia, kila mtu alijua nani kasema nini.

Mpeta pole sana kwa ami, wallahi. Ila tizama vizuri kilichomuumiza, si kesi kusikilizwa, ni kuwa haikusikilizwa! Kakaa misimu miwili hajaulizwa kitu. Dawa yake ni dhamana na kesi za haraka, si kumpa jaji rungu la kuifunga kabla watu hawajasema. Mie ukiniambia jaji amsikilize wiki ya mwanzo kwa ajili ya dhamana tu, nasaini saa hii.

Halafu nikuulize kwa heshima, usinichukulie vibaya. Yule mwizi alipopigwa alikuwa anamjia ami au anakwenda zake?

Mpeta wa Wete

Mchi ulimpata kisogoni.

Ami anasema panga lilimponyoka akageuka kuliokota. Mie namuamini, ni ami yangu, kanilea. Lakini hilo suala uloniuliza weye ndo mtu wa mwanzo kuliuliza, polisi waliandika "kichwani" basi. Na mama yake yule kijana anaishi kijiji cha pili, tunapishana naye sokoni Ijumaa, hajawahi kuitikia salamu yangu.

Kijiti

Basi mie nafuta utani wangu wa manati.