Ati "Mzee, wewe bangua korosho, dunia tuachie sisi"! Yule mshauri wa fedha ametukosea adabu

Mkorosho Pori
Wakuu, ndiyo kwanza natoka ukumbini kwenye semina yake, na kwa hasira nilizonazo nikinywa maji yatachemkia kooni. Simtaji. Wa Mtwara mjini mnamjua: tai nyekundu kwenye joto hili la Oktoba, kalamu ya taa mkononi, kila sentensi ina "jiopolitiki". Kiingilio 20,000, na soda moja ya moto.

Kaanza na ramani ya dunia. Mlango wa Hormuz uko kati ya Iran na Oman, mtoto wa sekondari anajua. Taa yake ikatua Msumbiji! Ikatua, ikakaa, ikachezacheza pale. Kwa hesabu yake, meli za mafuta za Ghuba zinavuka kwa kivuko cha Kilambo.

Halafu akasimama mzee mmoja wa Tandahimba, barghashia mkononi, kwa adabu zote: "Mwalimu, huko kukifungwa, salfa ya kupulizia mikorosho mwakani itakuwaje?" Swali pekee la maana siku nzima. Jibu alilopewa: "Mzee wangu, wewe bangua korosho, dunia tuachie sisi."

WEWE. BANGUA. KOROSHO.

Na wapo waliocheka! Mzee akakaa, akavaa barghashia yake, kimya. Bwana mkubwa akaendelea: dola inakufa, sarafu ya BRICS (akina Brazil, Urusi, India, China na wenzao) inakuja, kwa hiyo uzeni hati fungani zenu, zile mnazoikopeshea serikali, mnunue... dola. Ndiyo, hiyohiyo marehemu. Nilitaka kumrushia soda, nikakumbuka nimeilipia 20,000.

Bangua korosho! Mtu mzima na ndevu zake anaambiwa hivyo mbele za watu!

Mwana Ligula
Bila picha ya hiyo taa iko Msumbiji, uzi ni batili.

Dalali Mstaafu
Mleta uzi, hasira zimekufanya uache kubwa zaidi. Hati ya miaka 20 yenye riba ya asilimia 15.49 kwa mwaka, zile za kabla Benki Kuu haijapunguza riba 2022, ukiwa nayo ya milioni 10 unapata 1,549,000 kwa mwaka, yaani 774,500 kila miezi sita. Kuiuza kabla ya muda unapitia kwa dalali wa soko la hisa, na bei inafuata riba za siku hiyo: riba mpya zikipanda, hati yako ya zamani inashuka bei, zikishuka, inapanda. Mtu anayekwambia "uza" bila kukuuliza hati yako ni ya mwaka gani na ya riba ipi, huyo anapiga ramli.

Dola nayo, 2024 ilifika karibu shilingi 2,700, Desemba ikarudi karibu 2,400. Aliyenunua kule juu alilia shilingi 300 kwa kila dola, hapo bado hujahesabu duka la fedha linavyouza ghali na kununua rahisi. BRICS benki wanayo, iko Shanghai. Sarafu hawana.

Chikongola Mjini
Umetoa 20,000 kumsikiliza mganga mwenye projekta, halafu unatuuliza sisi mjinga ni nani?

Mkorosho Pori
Nimetoa, ndiyo. Lakini sijamwambia mzee wa watu abangue korosho.

Newala Juu
Tena hata hatubangui! Nyingi inapanda meli ikiwa ghafi kwenda India na Vietnam, huko ndiko inakobanguliwa. Marekani ni mmoja wa wanunuzi wakubwa wa kiini cha korosho cha Vietnam. Aprili 2025 Trump alipotangaza ushuru wa asilimia 46 kwa Vietnam (ukasimamishwa, Agosti mwaka huo ukawa 20), mbanguaji wa kule akibanwa anapunguza dau lake huku mnadani. Haya ndiyo ya kumweleza mzee, siyo taa.

Fundi Salfa
Mzee yuko sahihi kuliko ukumbi mzima. Salfa nyingi duniani hupatikana mafuta na gesi vinaposafishwa, na nchi za Ghuba zinauza nyingi sana. Njia yake ni hiyohiyo Hormuz. Meli zikikwama, ya dukani inapanda bei na ya ruzuku inachelewa, na salfa haisubiri: gramu 250 kwa mti, alfajiri umande ukiwepo na upepo haujaamka, unarudia baada ya wiki mbili hadi tatu. Ubwiri unga, ule ukungu mweupe wa mikorosho, ukishakamata maua, hata umwage mfuko mzima kwenye shina, hola.

Kijana wa Nachingwea
Nyie wa korosho mna kelele. Mbaazi je? Agosti 2017 India iliweka ukomo wa tani 200,000 kwa mbaazi za nje. Bei ikaanguka mpaka wengine wakaziacha shambani. Hiyo ndiyo siasa ya dunia, na sikuona mtu kafungua uzi.

Chikongola Mjini
Mbaazi hata kuku wanachagua.

Kijana wa Nachingwea
Kuku wa Mtwara wanakula nini, tai nyekundu?

Likong'o Pwani
Afadhali nyie mna zao. Sisi Lindi tunalima gesi kimiminika kwenye makaratasi.

Mkorosho Pori
Wakuu, turudi kwenye mada. BANGUA KOROSHO, alisema!

Chikongola Mjini
Kabangue basi.

Fundi Salfa
Dunia ni mbali, semeni mizani. Kuna ghala gunia linaingia na kilo 80, baada ya wiki ni 78, ukiuliza unaambiwa "unyaufu", eti imepungua kwa kukauka. Korosho iliyoanikwa siku tatu ikakauka vizuri haipotezi kilo mbili kwa wiki ndani ya ghala.

Mwana Ligula
Kavu kwa macho yako. Ukiitikisa sikioni inagonga?

Fundi Salfa
Inagonga kama njuga.

Mwana Ligula
Basi hapo kuna panya wa miguu miwili.

Newala Juu
Nani kabakiwa na magunia ya juti? Nataka 40, nipo Masasi, kabla ya Ijumaa. Yaliyotobolewa na panya sitaki, wa miguu yoyote.