Wapangaji wa Bi Mwajuma, Tandika: pikipiki ya Shabani

JUMAMOSI

Mama Nasra: Jamani naomba kuuliza kwa upole. Beseni langu la bluu lililokuwa juu ya karo nani kalichukua? Nataka kuloweka mchele wa vitumbua

Shabani: Shikamoo Mama Nasra. Lipo kwangu, nalitumia kidogo

Mama Nasra: Marahaba. Unafanyia nini?

Shabani: (picha)

Mama Nasra: SHABANI. Hiyo ni petroli?

Shabani: Nasafishia kabureta tu mama, kile kifaa cha kuchanganya petroli na hewa, nitaliosha na sabuni

Mama Nasra: Usilioshe. Nimekupa. Niletee jingine leo leo

Zai: Ndo maana nguo zangu kwenye kamba zinanuka sheli

Mzee Athumani: Shabani, hiyo petroli iko umbali gani na jiko la Mama Nasra?

Shabani: Shikamoo mzee wangu. Mbali tu, mimi niko huku karibu na choo

Mzee Athumani: Marahaba. Kwenye uani huu hakuna mbali. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, haupandi juu ukapotea. Unatambaa sakafuni mpaka ukutane na mkaa. Toa nje, sasa hivi, ndipo tuongee

Bi Mwajuma: Naamka nakuta meseji kibao. Nani anataka kunichomea nyumba?

Shabani: Shikamoo Bi Mwajuma. Hakuna moto, nshatoa kila kitu nje

Bi Mwajuma: Marahaba. Na hiyo oili kwenye saruji yangu itatoka yenyewe?

Shabani: Naimwagia mchanga bi mkubwa

Baba Joy: Kwani chombo kina nini? Juzi si kilikuwa kinatembea

Shabani: Kinatembea ndiyo, shida hakifiki. Natoka hapa vizuri kabisa, nikifika Chang'ombe kinaanza kukohoa, kinakata moto. Nakaa pembeni nakunywa maji, napiga kiki, kinawaka kama hakijanifanya kitu. Nikikaribia Keko, tena. Abiria wa jana kashuka kapanda bajaji, na hela hajanipa

Baba Joy: Plagi hiyo

Shabani: Mpya

Baba Joy: Basi koili, ile inayoipa plagi umeme. Kuna video nimeiona, koili ikipata joto inakufa, ikipoa inafufuka. Dalili ndo hizo hizo

Kelvin: Baba Joy hapo hajakosea aisee. CDI nayo, ile inayoiamuru koili itoe cheche, inaweza kufanya hivyo. Ila kabla ya kununua chochote broo, ikizima tu, palepale kabla haijapoa, chomoa plagi, irudishe kwenye kofia yake, igusishe kwenye chuma cha injini halafu piga kiki. Ukiona cheche ya bluu, umeme hauna kesi. Hakikisha hakuna mafuta yaliyomwagika hapo karibu

Shabani: Koili nshanunua

Kelvin: 😂😂 khaa

Shabani: Elfu 15. Jamaa kaniambia ni og

Zai: Ushawahi kukutana na muuza spea akakwambia hii feki?

Shabani: Nimeifunga. Inazima palepale

Kelvin: Plagi ya zamani ilikuwa na rangi gani kwenye ncha?

Shabani: Nyeupe nyeupe, kama imeungua

Kelvin: Basi inapata hewa nyingi, mafuta machache. Ingekuwa na masizi meusi tungesema mafuta yamezidi. Hiyo injini ina njaa

Shabani: Si ndo maana nikafungua kabureta! Sasa hapa skrubu tatu za bakuli la chini zimetoka, ya nne imekula kichwa. (picha)

Kelvin: Dah. Umetumia bisibisi gani?

Shabani: Ya nyota, ya Baba Joy

Baba Joy: Bisibisi yangu isiingizwe kwenye hii kesi

Kelvin: Sikiliza. Nyota si aina moja. Kabureta nyingi zinafuata muundo wa Kijapani, na skrubu zake ni nyota ya Kijapani. Kwa macho ni vigumu kuzitofautisha na za kawaida. Ukiingiza bisibisi ya kawaida haikai mpaka chini, ukikaza mkono inapanda juu na kuchonga kichwa. Pale VETA mwalimu anatukataza kabisa. Na skrubu zenyewe laini kama jibini

Zai: Jibini umeila wapi wewe

Mzee Athumani: Usiizungushe tena. Weka bisibisi, gonga kitako chake na nyundo, kidogo kidogo, kutu ishtuke. Kisha kandamiza kwa uzito wa mwili ndipo uzungushe. Ikikataa, ibane ubavuni na plaizi ya kung'ata

Shabani: Imetoka mzee!! Imetoka pamoja na gasketi. Imechanika

Mzee Athumani: Hiyo kawaida

Baba Joy: Samahani, Joy anachezea kitu cha shaba, kidogo, kina tundu katikati na namba ubavuni. Ni cha nani?

Kelvin: USIMPOKONYE KWA NGUVU ASIJE AKAMEZA. Hiyo ni jeti kuu, ndo inayopimia mafuta kwenye kabureta

Baba Joy: Nimeichukua kwa kubadilishana na pipi. Ila kaiziba na unga wa chapati

Shabani: Mungu wangu. Ngoja nizibue na sindano

Kelvin: Hapana!! Shaba ni laini, utapanua lile tundu, mafuta yatazidi na hutajua kwa nini. Loweka, halafu nenda kwa fundi tairi pale kona akupulizie upepo

Baba Joy: Mimi nina oili ya gari imebaki kama lita hivi, kama utamwaga oili pia

Kelvin: Asante lakini hapana. Kwenye pikipiki kama hii klachi inaogelea kwenye oili hiyo hiyo ya injini. Oili za magari nyingine zina dawa ya utelezi, klachi itaanza kuteleza, tuanze ugonjwa mwingine

Mama Nasra: Nashukuru kwa beseni, nimelikuta mlangoni. Nimeomba bluu nimeletewa pinki, lakini nashukuru

JUMAPILI

Shabani: Habari za asubuhi wanafamilia. Kabureta nimerudishia, jeti imepulizwa, imekaa. Imewaka kiki ya kwanza

Zai: 👏👏

Shabani: Imezima Chang'ombe

Zai: 😭

Shabani: Na sasa inavuja. Gasketi nimeipaka gundi, gundi imeyeyuka. Jana ilikuwa na ugonjwa mmoja, leo ina miwili, na mfukoni sina kitu. Nampelekea fundi

Kelvin: Cheche umeangalia?

Shabani: Ipo, ya bluu kabisa

Mzee Athumani: Basi koili hukuihitaji. Niambie, hii tabia ilianza lini?

Shabani: Kama wiki mbili, mzee. Baada ya yale mafuta yangu kunyonywa usiku

Zai: Tusirudi huko. Tulishakaa kikao, ikaonekana si mtu wa humu ndani

Shabani: Sijamtaja mtu dada Zai. Nasema tu ndo nikanunua mfuniko wa tanki wa ufunguo, nikaanza kulala kwa amani

Mzee Athumani: Mfuniko mpya?

Shabani: Ndiyo mzee, wa Kariakoo

Mzee Athumani: Ikizima, ukiufungua, unasikia hewa inaingia? Fyuuu?

Shabani: Eeh, inavuta kweli. Nikajua ndo ubora wake, umebana vizuri

Kelvin: Mamaaa

Mzee Athumani: Mwanangu, mafuta yanashuka kwenye kabureta kwa uzito wake tu, hakuna pampu. Kila yanaposhuka, hewa iingie juu ijaze nafasi. Mama Nasra akitoboa kopo la mafuta tundu moja, yanatoka?

Mama Nasra: Yanadondoka kidogo yanagoma. Lazima utoboe la pili

Mzee Athumani: Mfuniko wa tanki una hilo tundu la pili. Wako haunalo, au limezibwa. Unakwenda mpaka tanki linakuwa na mvuto ndani, mafuta yanagoma kushuka. Ukisimama kunywa maji, hewa inajipenyeza polepole, kinawaka. Hata ungebadilisha injini nzima kingezima hapohapo Chang'ombe

Baba Joy: Kwa hiyo video yangu...

Kelvin: Dalili zinafanana Baba Joy, hapo ulikuwa sawa. Ilibidi tu tuulize swali la mzee mapema

Shabani: (picha) Nimeugeuza. Kwa ndani kuna bamba lina katundu, halafu mpira umekaa juu yake, umeziba kila kitu

Mzee Athumani: Utoe kwenye tanki kwanza, uende nao mbali. Toboa huo mpira panapokutana na katundu. Kadogo tu, mvua ya masika isiingie

Bi Mwajuma: Na isitobolewe kwenye baraza langu

JUMAPILI JIONI

Shabani: Wakuu. Tandika, Temeke, Chang'ombe, Keko, Kariakoo, Mnazi Mmoja, nimerudi. Haijakohoa hata mara moja

Kelvin: 🔥🔥🔥

Zai: Hongera. Mchango wa maji ya mwezi huu lini

Shabani: Nimetafuta gasketi ya bakuli peke yake hakuna, wanauza seti nzima ya kabureta, elfu 8. Nimenunua. Nimejaribu pia kurudisha koili, jamaa kakataa, anasema kitu cha umeme kikishafungwa hakirudi

Baba Joy: Huyo aliyekuuzia mfuniko je?

Shabani: Huyo kaniuliza, kwani si unafunga?

Mama Nasra: 😂😂😂 unafunga kweli

Kelvin: Hiyo koili ya zamani inafanya kazi?

Shabani: Nzima. Nimeirudisha hiyo. Mpya iko kwenye boksi lake

Kelvin: Niuzie, kuna chombo cha darasani tunakifanyia mazoezi. Elfu 5

Shabani: Nimenunua 15 jana tu! Kumi

Kelvin: Imeshafungwa hiyo, haina bei ya dukani. Sita

Shabani: Nane, na unanisaidia kufunga gasketi

Kelvin: Saba, na bisibisi ya Kijapani nakuja nayo

Shabani: Njoo na hela taslimu