Yah: Kaunsili inataka PLI, RA na DBS ili watoto wacheze bustanini

Mama Nuru, Barking

Assalaam aleikum na habari za jioni nyote,

Naomba msaada wa haraka. Ile Jumamosi ya michezo ya watoto tuliyokubaliana kuifanya bustanini hapa London mwezi wa nane imekwama. Fomu nilipeleka kaunsili, yaani halmashauri, mapema: watoto kama thelathini na wazazi wao, mbio za magunia, rede, kuvuta kamba, kila familia na kikapu chake cha chakula. Leo ndiyo wamejibu. Wanataka PLI (bima ya madhara kwa umma) ya pauni milioni 5, RA (tathmini ya hatari) iliyosainiwa, na DBS (ukaguzi wa rekodi za jinai) ya kila mtu mzima atakayesimamia. Kikundi chetu hakijasajiliwa popote, kina daftari la michango na mweka hazina basi. Nimepiga simu, nikasubirishwa mpaka laini ikakatika.

Swali langu ni moja: ipo bima inayokubali kikundi cha namna hii, au niandike fomu upya kwa jina langu mwenyewe? Watoto wameshaambiwa, na wa kwangu anauliza kila asubuhi.

Baba Twalib, Croydon

Pole sana dada. Sijui kama mtapata bima bila namba ya shirika la hisani. Na TEN je, ile ruhusa ya shughuli ya muda, mmeomba? Inatakiwa siku 10 za kazi kabla ya shughuli, ada pauni 21. Wengi wanakwama hapo.

Da' Mkubwa, Leyton

Baba Twalib, tusipotoshane, watu wanafuata haya tunayoandika. TEN inahusu kuuza pombe, burudani zinazohitaji leseni na chakula cha moto cha usiku wa manane. Watoto kuvuta kamba mchana hakumo. Na kikundi ambacho mapato yake hayafiki pauni 5,000 kwa mwaka hakilazimiki kujisajili kama shirika la hisani. Andikeni katiba ya kurasa mbili, muisaini, muwe na viongozi wanaojulikana.

DBS ndiyo iliyoniudhi zaidi. Ile ya ngazi ya juu ni ya mtu anayekaa na watoto wa wenzake mara kwa mara: kila wiki, au siku nne ndani ya siku 30. Mzazi anayekuja siku moja na mwanawe haingii humo, na kikundi hakiruhusiwi kumwombea asiyestahili. Mama Nuru, mwandikie huyo ofisa aeleze kwa maandishi anatumia kanuni ipi. Kwa simu hutapata kitu.

Baba Achieng, Tottenham

Hiyo ya DBS naijua vizuri. Niliomba kusaidia timu ya mpira ya watoto, mvulana wangu akiwa humo. Fomu inataka anwani zako zote za miaka mitano. Nikazijaza. Kisha klabu ikasema DBS haioni rekodi za nje ya nchi, nilete cheti cha tabia njema kutoka nyumbani. Alama za vidole, ada, barua, kusubiri. Cheti kilifika msimu umeisha. Mvulana alicheza mechi zote baba yake akiwa amesimama nyuma ya kamba na wapita njia. Hilo liliniuma, sitaficha.

Bi Salma, Stratford

Wanangu, kwa nini fomu zote hizo? Pandeni treni ya Central line mpaka Loughton, muingie msitu wa Epping. Mtu mzima mmoja anachukua watoto wanne walio chini ya miaka 11 bure. Mwezi wa nane matunda mwitu yameiva. Msitu ule ulilindwa kwa sheria ya mwaka 1878, ni wa watu wote.

Da' Mkubwa, Leyton

Shikamoo Bi Salma. Familia mbili tatu, sawa kabisa. Kundi lililopangwa nako linaombewa ruhusa. Na wa miaka 11 kwenda juu wawe na kadi zao za Zip, zile za nauli ya watoto.

Baba Achieng, Tottenham

Bi Salma umenikumbusha mbali. Mwaka 1989 Wangari Maathai alisimama karibu peke yake ili jengo la ghorofa 60 lisijengwe Uhuru Park. Walimtukana bungeni. Bila yeye watoto wa Nairobi wangekuwa wanachezea wapi leo? Viwanja vya mitaa vimenyakuliwa na wenye vyeo, na sisi tunakuja huku kujaziana fomu kwa ajili ya nyasi.

Baba Twalib, Croydon

Dar ni hivyo hivyo. Tulipochezea kombolela sisi leo ni maegesho. Jumapili ikifika namkumbuka marehemu baba, Coco Beach, mihogo ya kukaanga na sisi tumelowa mpaka nywele.

Mama Yusra, East Ham

Samahanini naingilia. Sisi ni NRPF, viza yetu hairuhusu fedha za umma. Shule imenipa fomu ya HAF, mpango wa likizo wa michezo ya nje na chakula cha mchana. Nikijaza sitaharibu viza? Naogopa hata kuuliza shuleni.

Da' Mkubwa, Leyton

Mdogo wangu, jaza leo. HAF haimo kwenye orodha ya fedha za umma ulizokatazwa. Hata kwa mtoto asiyepata FSM, yaani chakula cha bure shuleni, kaunsili inaruhusiwa kutumia hadi asilimia 15 ya fedha za HAF kwa watoto kama hao. Usimnyime mtoto kiangazi kwa hofu.

Mama Nuru, Barking

Nawashukuru wote. Ya DBS nimeshaandika barua pepe. Ila wanataka bima kufikia Ijumaa na bado sijapata jibu: kikundi au jina langu? Aliyewahi kukata bima ya siku moja anitumie pembeni.

Baba Twalib, Croydon

Mimi TEN nilisema kwa sababu ya ngoma. Kina mama wa Barking hawakosi ngoma.

Da' Mkubwa, Leyton

Ngoma isiyo na spika, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa tano usiku, haihitaji leseni. Naomba tumjibu Mama Nuru.