Mjadala: Je, ni haki mwenye leseni ya gari azuiwe kuanza na pikipiki kubwa ya mbio?

Mwana wa Altezza
Ndugu zangu, nimeendesha magari kwa miaka 14, na injini ya Altezza yangu ya gia za mkono nimeifungua na kuifunga mwenyewe mara mbili. Sasa nimepata Yamaha R6 iliyotumika, ya cc 599, inayouzwa na mtu wa Mikocheni anayehama nchi. Leseni yangu ni ya daraja D, na najua kwamba nitahitaji daraja A. Kinachonikera ni hoja ya wale wanaotaka leseni za pikipiki zitolewe kwa ngazi kama Ulaya, ili mtu asote na pikipiki ndogo miaka kadhaa kabla hajaruhusiwa kugusa kubwa. Ni haki kweli mtu mzima anayejua klachi, gia na breki azuiwe, wakati bodaboda aliyejifunza jana katika uwanja wa shule leo anapakia abiria Morogoro Road?

Fundi wa Magomeni
Kulijua gari kutakusaidia kuisikiliza injini, lakini hakutakusaidia kukaa juu yake. Altezza ya gia za mkono yenye injini ya 3S-GE ina nguvu za farasi 210 zinazosukuma kilo 1,340 hivi, ilhali R6 ina takriban 120 zinazosukuma kilo zisizofika 200. Gawanya mwenyewe, utaona kwamba kila kilo ya pikipiki ile inasukumwa kwa nguvu karibu mara nne ya kilo ya gari lako. Gia ya kwanza peke yake inafika kilometa 100 kwa saa, na mjini mwisho wetu ni 50. Ukiminya breki ya mbele kwa hofu katikati ya kona, unalala nayo. Kabla ya sheria, nijibu hili: tairi zake ni za lini? Pembeni mwa tairi, baada ya herufi DOT, soma tarakimu nne za mwisho; mbili za kwanza ni wiki, mbili zinazofuata ni mwaka. Kagua pia kama ncha za usukani na vikanyagio vimekwaruzika, kama sili za shokapu za mbele zinavuja, na kama namba ya fremu inalingana na ya kwenye kadi.

Boxer Mbezi Mwisho
Aliyejifunza jana ni mimi, na jana yenyewe ilikuwa mwaka 2011. Uwanja ulikuwa wa shule, hilo sikatai, lakini leseni ninayo na abiria wangu wa asubuhi ni wale wale kwa miaka. Wewe, kaka, klachi unayoijua ni ya mguu. Huku klachi iko mkono wa kushoto, breki ya mbele mkono wa kulia, ya nyuma mguu wa kulia, na gia ziko kwenye kidole cha mguu wa kushoto. Siku mchanga wa barabara ya vumbi utakapokukuta juu ya lami ukiwa umeinamisha pikipiki, ndipo utakapotukumbuka sisi wa uwanja wa shule.

Mwana wa Altezza
Sikusema bodaboda wote, na naomba usinilishe maneno. Hata hivyo, ni wangapi kati yenu wanaoweza kueleza kwa nini pikipiki iliyo kwenye mwendo husukumwa mpini wa kulia ili ikunje kulia? Mimi nimelisoma jambo hilo na nimelielewa.

Boxer Mbezi Mwisho
Umelisoma. Mimi hulifanya mara mia kwa siku nikiwa na abiria, mtoto wake na gunia la mkaa.

Mwalimu wa Udereva
Turudi kwenye swali la sheria, kwa sababu Ulaya inatajwa bila kufafanuliwa. Tangu Januari 2013, nchi za Umoja wa Ulaya hutumia ngazi tatu: A1 ni hadi cc 125 na kilowati 11, A2 ni hadi kilowati 35, na A ni pikipiki yoyote, ambayo mtu huifikia akiwa na umri wa miaka 20 baada ya miaka miwili ya A2, au moja kwa moja akifikisha miaka 24. Kwa hiyo mleta mada, kwa umri wake, asingezuiwa hata huko. Angefanya tu mtihani wa pikipiki kubwa, na mtihani huo si wa kuzunguka koni mbili na kupewa karatasi. Hasira yake haina wa kuielekea. Ambaye angezuiwa ni kijana wa miaka 19, na R6 haiwezi hata kupunguzwa nguvu ili iingie A2, kwa kuwa A2 haikubali pikipiki iliyopunguzwa ambayo nguvu yake ya asili inazidi mara mbili ya kilowati hizo 35, na ya R6 inazidi.

Muuguzi wa Zamu
Nyote wawili mnabishana kuhusu mikono, na mimi nauliza kuhusu miguu. Wa pikipiki kubwa huja kwetu na helmeti ya gharama na kaptura. Wa Boxer huja na kandambili.

Boxer Mbezi Mwisho
Dada, shikamoo ya zamu, lakini hilo la kandambili limeniuma. Mvua za masika zikinyesha Kimara, kiatu kinakaa na maji siku tatu, na pato la siku nusu ni la tajiri mwenye pikipiki. Hiyo buti nitaikausha kwa moto wa nani?

Muuguzi wa Zamu
Marahaba. Kikaushe kwa moto wowote, mradi kisigino kibaki.

Mpangaji wa Sinza
Mimi sina pikipiki, ila naunga mkono leseni za ngazi kwa sababu moja tu: jirani yangu anawasha kitu chenye ekzosi ya wazi saa sita usiku.

Mwalimu wa Udereva
Ndugu yangu, hiyo ni kelele, si leseni.

Mpangaji wa Sinza
Kwako wewe unayelala.

Mwana wa Altezza
Mwalimu, nakushukuru, na nakiri kwamba nilidhani Ulaya humlazimisha kila mtu kuanzia chini. Lakini bado sioni kwa nini nisinunue.

Fundi wa Magomeni
Hakuna aliyekwambia usinunue. Nilikuuliza tairi, ukajibu bodaboda. Saizi ya nyuma ni 180/55 ya inchi 17, na hiyo huipati kwa kila muuza spea wa Boxer pale Kariakoo. Umeikagua au hujaikagua?

Mwana wa Altezza
Nilishalipa arubuni wiki iliyopita.

Boxer Mbezi Mwisho
Kumbe! Ulikuja kuomba ushauri au baraka? Haya, Jumapili saa moja asubuhi njoo uwanja ule ule wa shule. Nitakuachia Boxer kwa muda wa saa mbili, mafuta juu yako. Na uje na viatu, dada asituone.

Mwana wa Altezza
Nitakuja. Fundi, nimempigia muuzaji, amenisomea ya nyuma: 2214.

Fundi wa Magomeni
Na ya mbele?

Mwana wa Altezza
Anasema ya mbele ni ya zamani kidogo.