Nafuatilia vipi hela ya dawa za wagonjwa wa akili? Naombeni msaada

Kijana wa Mwanga
Wakuu habari za saa hizi. Mi naripotia redio hapa Kigoma, mambo ya jamii jamii tu. Juzi nimeshinda kwenye kliniki ya afya ya akili, kituo sikitaji, akaja mama na boda kutoka vijijini huko na kijana wake wa kifafa, kibahasha cha dawa za mwezi uliopita kakifunga kwenye pindo la khanga, anaambiwa dawa hamna kanunue nje. Anasema hiyo mara ya tatu. Bosi wangu kasikia akasema stori nzuri ila nikatafute kichaa stendi nimpige picha anaokota makopo, ndo watu watafungua. Mi nataka kujua hela imeishia wapi, nimepekua bajeti ya halmashauri sioni hata mstari wa afya ya akili. Naanzia wapi?

Mzee wa Kalamu
Huuoni kwa sababu umemezwa, mara nyingi akili inatupwa kapu moja na presha na kisukari, magonjwa yasiyoambukiza. WHO wanasema serikali duniani kwa wastani zinatoa kama 2% tu ya bajeti ya afya kwa ajili ya akili, so usishangae. Na usianze na ile 15% ya Abuja 2001, ahadi ya nchi za Afrika kutenga 15% ya bajeti kwa afya, kila mwandishi anaanzia hapo, mganga mkuu anakujibu kisiasa mnaagana. We anzia stoo. Kituo kinaomba dawa MSD, bohari ya dawa ya serikali, kwa fomu ya R&R (ripoti na maombi) na kuna leja. Waliomba lini, ngapi, zikaja ngapi. Kama hawakuomba kabisa hiyo stori moja, kama waliomba wakakosa ni nyingine kabisa. Andika barua, sheria ya kupata taarifa ya 2016 inawapa siku 30, ubaki na nakala yenye muhuri wa mapokezi maana "barua haijatufikia" utaisikia sana.

Nesi wa zamu
Leja sawa lakini itakudanganya mdogo wangu. Fenobabito, vidonge vya kifafa, zikibaki kidogo tunampa mtu za wiki mbili badala ya mwezi ili wote wapate, kwenye leja inasoma dawa zipo!! Uliza mgonjwa anaondoka na vidonge vya siku ngapi. Wa kifafa akikatiza dawa ghafla kinarudi kwa fujo, tunaletewa wameangukia mafiga. Na usije ukaniandika nesi mkorofi, mi ndo nasema hamna pale dirishani ila sio mi niliyezimaliza

Fundi Ujiji
Nachangia kama ndugu wa mgonjwa. Mdogo wangu tulimpeleka Mirembe, hospitali ya akili, kwa treni, Kigoma mpaka Dodoma tumemshika mikono, abiria wakawa wanahama siti mmoja mmoja. Akarudi vizuri, sasa hivi anashona na mimi. Lakini kuna mtu alimpiga picha kipindi kile yuko kifua wazi sokoni, mpaka leo mteja akibishania bei anamtolea hiyo picha kwenye simu. Mwambie bosi wako akapige picha dirisha la dawa

Kijana wa Mwanga
Shikamoo mzee, barua napeleka Jumatatu. Dada nesi naomba nije inboksi, jina lako silitaji popote. Fundi, bosi nimempelekea picha ya kile kibahasha, yule mama aliniruhusu, jina kalifunika na kidole. Kajibu haina mvuto.